Kofia ya Kondakta

Asubuhi ile Kampala nilikuwa nakaanga mahamri, na mume wangu, Baba Zulfa, akinitania kwamba mwanamke wa Mombasa hapiki bila nazi hata dunia ikipinduka. Dunia ilikwisha kupinduka. Sisi Waasia tulikuwa tumeamriwa kuondoka Uganda, na ndege yetu sisi wawili, maana binti yetu Zulfa alikuwa ameolewa Mombasa, ilikuwa ya alasiri. Mume wangu alivaa suti na saa yake ya harusi. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa madaha, na alijua kupendeza.

Njiani kuelekea uwanja wa ndege wanajeshi walitusimamisha.

"Piga magoti."

Baba Zulfa alipiga.

Mmoja, kofia kichwani, alimwekea mtutu wa bunduki shingoni. Baba Zulfa akavua saa, akaitoa kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi. Nami nikavua bangili zangu.

"Asante, afande," alisema. Alirudia asante hiyo mpaka tuliporuhusiwa kwenda.

Birmingham, Uingereza, tulipata vyumba mtaa wa Aston, naye akapata kazi Hockley, kwenye karakana ya kung'arisha vito. Baada ya muda aliniletea bangili moja nyembamba, na mwenyewe akajinunulia saa. Nikadhani tumepona.

Jumamosi moja tulipanda basi kwenda mjini. Kondakta akatujia, mzungu wa makamo, kofia kichwani. Baba Zulfa akavua saa, akaitoa kwa mikono miwili, akashuka magotini katikati ya viti.

"Asante, afande."

Kondakta alimwinua polepole, akamwambia avae saa yake, yeye anataka nauli tu. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha. Niliona aibu ya kutamani kuruka basi likiwa mwendoni.

"Umetuvua nguo mbele za watu," nilimwambia nyumbani.

Tangu hapo alikwenda kazini kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, na siku nyingine hakwenda kabisa. Msimamizi wake akamwonya kwamba atafukuzwa. Msikitini nilisema anaumwa mgongo.

Wanjiru, nesi Mkenya aliyepanga chumba cha juu, hakudanganyika.

"Mama Zulfa, hii si mgongo. Kwetu hospitali, huko Edgbaston, kuna daktari wa mambo kama haya. Wacha nimbook, apewe siku ya kuonwa."

"Watu watasema ana wazimu."

"Wacha waseme. Mficha uchi hazai."

Nilikataa.

Wiki ileile mlango ukabishwa. Alikuwa mtu wa kusoma mita ya gesi, naye amevaa kofia.

Nakumbuka kufungua.

Kisha nakumbuka sauti ya Baba Zulfa nyuma yangu, taratibu: "Mama Zulfa, inuka."

Nilikuwa magotini juu ya mkeka wa mlangoni, bangili kiganjani, namnyooshea mgeni. Maskini yule mtu alikuwa amerudi nyuma mpaka barabarani.

Nyani haoni kundule. Baba Zulfa alijaribu kunivika tena bangili, lakini nilikuwa nimekunja ngumi, haikupita.

"Kamwite Wanjiru," akasema. "Mwambie tuko wawili."

Tulikwenda Edgbaston pamoja, miezi mingi. Alirudi kupanda basi, na alifariki akiwa mtu mzima, kitandani kwake. Duka letu la vitambaa la Kampala silililii tena, wala dhahabu yangu. Ninaloona haya nalo hadi leo ni ule uso wake niliouona kwenye kioo cha dirisha la basi, akinitafuta kwa macho akiwa magotini, nami nikitazama mapaa ya Aston.