Viriba Nilivyovipalilia

Siku ya kwanza nilifika kwenye kitalu cha miche Musoma nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, kwa kuwa nilidhani kazi yoyote yenye msimamizi inataka viatu. Msimamizi wa kitalu, bwana mfupi asiyependa maneno mengi, aliniangalia miguuni.

"Vua hivyo. Hapa tunashika udongo. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Na baada ya hapo?"

Nikamtajia: kubeba dagaa Kibara, kufyatua matofali Guta, kuziba pancha za baiskeli Kabasa.

"Kwa hiyo hutulii," akasema.

Nilikubali. Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea, haina mshahara. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua mbegu inajuaje kwamba wakati wa kuota umefika.

Alinifundisha kujaza viriba, ile mifuko midogo myeusi ya kuoteshea miche, na kuchanganya udongo wa msituni na mchanga na samadi iliyooza. Alinifundisha pia kuondoa kivuli kidogo kidogo, mche uzoee jua kabla ya kupandwa. Tulikuza miti ya asili tu, hasa iliyoadimika. Mtu akija kuomba mkaratusi alimjibu, "Huo una watu wake."

Baadaye nilihamishiwa Bunda, chini ya Mratibu wa kikundi chetu cha kuotesha miti, dada msomi aliyetembea kwa miguu zaidi kuliko sisi wote. Kanuni yake ya kukusanya mbegu ilikuwa moja: mti ukikuonyesha mbegu tano, chukua moja, nne waachie ndege na ardhi. Aliivunja mara moja tu, huko Butiama, kwa ajili ya msandali.

Msandali una mizizi yenye harufu nzuri, ndiyo maana wezi hawaukati, wanaung'oa. Tena dume na jike ni miti miwili tofauti. Katika kilima cha huko lilibaki jike moja, na dume lake liling'olewa mara tu matunda yalipoanza kutunga. Mratibu akasema, "Mwaka huu chukueni zote. Hakuna tena dume la kulichavusha." Zikaota mbegu kumi na saba. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yote ya kilima.

Tuliachiwa watu wawili kuitunza, katika kitalu kidogo hapo hapo Butiama: mimi na Mama Nyabise, mjane aliyekaa chini ya kilima, aliyemwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Alipenda kunitania. "Wewe mtu wa ziwani, miti haivuliwi kwa wavu. Kaa chini uingoje."

Sikukaa. Siku Mratibu alipokuja kufundisha utunzaji wa msandali, mimi nilikuwa Kibara, nimekwenda kuangalia injini mpya ya mtumbwi. Niliporudi nikamkuta Mama Nyabise amekwenda kwenye msiba wa ndugu yake, na katika kila kiriba, pembeni ya msandali, kumeota mmea mwingine. Kwetu shamba lenye magugu linamtangaza mwenye shamba. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaketi, nikang'oa yote kumi na saba, nikatupa rundo nyuma ya kitalu, nikafurahi jinsi viriba vilivyopendeza.

Wiki chache baadaye majani yalikuwa ya njano. Mratibu alifika, akainama, akageuza jani moja moja.

"Nani katoa ile mimea ya pembeni?"

Akaeleza tena, sauti ikiwa ya chini. Msandali haujilishi peke yake. Mizizi yake hushika mizizi ya jirani na kunyonya humo. Ile haikuwa magugu, ilikuwa miti walezi, aliipanda kwa mkono wake.

"Aliyeing'oa amemaliza kizazi cha kilima hiki. Ni nani?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu niliposema, "Mama Nyabise alipalilia."

Mratibu akamgeukia. "Mama, si nilikueleza wewe mwenyewe?"

Mama Nyabise alinitazama. Akaweka ndoo chini taratibu, maji yasimwagike. "Kama ndivyo alivyosema," akajibu. Aliambiwa asije tena. Miche ilikauka, tukaitupa. Mimi nikakabidhiwa funguo za kitalu.

Nilizishika funguo hizo miaka mingi. Nilifundisha vijana wengi habari za miti walezi, na kila mara mmoja aliuliza, "Mzee, mlijuaje?" Nikajibu kwamba tulifundishwa. Lile jike la kilimani nalo likaja kung'olewa.

Magoti yaliponistaafisha, nilikwenda kwa Mama Nyabise. Nilimkuta akipukuchua mahindi.

"Mtu wa ziwani. Umepotea."

Nilimwambia bila kukaa kwamba niliyeing'oa ni mimi. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua. Rundo nililiona siku niliyotoka msibani. Nilikuwaga nakusubiri ulitaje mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa na fulana ya kikundi. Mimi nilikuwa na kanga. Nilijua utakuja, ila sikujua utakawia hivi."

Akaniongoza nyuma ya jiko. Katikati ya kichaka ambacho hakijaguswa na jembe ulisimama msandali, umempita urefu. Aliuokota kwenye taka zetu, mmoja uliokuwa bado na jani bichi.

"Unazaa?" nikauliza.

"Maua tu. Hauna mwenzake."

Nikamwomba anipe kazi yoyote. Alinitazama magoti, akanipa jembe, akaonyesha kipande cha maharage kilichozidiwa na nyasi.

"Palilia hapa. Ukifika kwenye kichaka, uniite kwanza."

Nililima mpaka saa sita. Nilipofika hatua tatu kutoka kwenye kichaka, nikasimama, nikamwita.