Nilivyopiga msasa gari la harusi kwa mikono ya mafuta ya nyonyo, Morogoro miaka ya hamsini

Wakuu, marahaba, hata nyie ambao hamjaniamkia.

Nimesoma uzi wa kijana analalamika rangi ya gari lake inabanduka. Nimecheka peke yangu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na kwa umri huu nikidanganya itanisaidia nini?

Nilikuwa bibi harusi mbichi kutoka Mgeta, nimeishia darasa la pili. Mume wangu Benadi alikuwa fundi rangi mjini, uwani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa.

Yule mzee wa Kihindi akaleta gari lake kuukuu, limepauka kama kisigino.

"Jumamosi binti yangu naolewa. Gari hapana ng'aa, hii uwanja napa fundi mwingine."

Benadi alikuwa na jipu mkononi. Nikamwambia nipe mimi.

Msasa wa dukani ulikuwa adimu. Tulitumia majani ya mti wa msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Siku mbili nasugua, namwagia maji, nasugua.

Sasa kwetu Waluguru, mwali aliyetoka ndani hapauki. Mama mkwe kila asubuhi ananipaka mafuta ya nyonyo mpaka viganjani. Nani alijua?

Jumatano Benadi akapuliza rangi. Ikajikunja, ikaacha matundu kama uso wa mgonjwa wa ndui. Akanusa kiganja changu.

"Mke wangu, umenikaangia gari!"

Sikulia. Tukafuta yote kwa petroli, tukaosha kwa sabuni na maji ya moto, nikaanza upya. Mafuta nikayakataa.

Mama mkwe akanuna. "Watasema mwanangu kaoa mzuka!"

Mikono ilipasuka. Ijumaa Benadi akapuliza tena, rangi ikashika. Lakini harufu ile ya petroli na rangi bado ninayo puani, na bado namsikia Benadi akipiga mluzi upande wa pili wa boneti. Hayupo tena, miaka mingi sasa.

Jumamosi asubuhi mzee akapitisha kiganja mlangoni, taratibu.

"Nani sugua hii?"

Benadi akaninyooshea kidole. Mzee akamwambia, "Wewe kaa hapa hapa. Lakini huyu mama hapana ondoka."

Toka siku hiyo wateja waliniulizia mimi kwanza.

Kwa hiyo kijana, toa mafuta kwanza ndipo upige msasa. Ukisugua kabla, unayazika kwenye mikwaruzo. Na kama umetoka kula chipsi, kaa mbali.

Mwenye swali aulize. Anayebisha alete gari.