Pipa Nililolivika Ngozi

Fundi wa ngoma aliyekuwa na kibanda nyuma ya stesheni hapa Nakuru amefariki, na Jumatatu tumemzika. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa kulialia. Niliacha shule darasa la pili, nikajinunulia lori la viazi, nikajenga nyumba ya mawe. Kazi hizo hazimwachii mtu nafasi ya machozi. Jumatatu nafasi ikapatikana.

Mzee huyu aligonga gogo kwa kidole, akatega sikio kama daktari. Mti wa muringa, alisema, ni mwepesi na sauti yake nene inasafiri. Mutarakwa ni mgumu, sauti yake kali lakini inachoka upesi. Mimi nilimwona amebaki nyuma. Wakati huo nilikuwa natafuta mke, nimechelewa kwa sababu ya kujijenga, na baba wa msichana, mzee wa kanisa huko Molo, alikuwa amesema wazi: ngoma yao ya kuitia watu ibadani imeliwa na mchwa, anayemtaka binti yake aanze kwa kuleta nyingine. Karani mmoja naye alikuwa akimnyemelea msichana huyo huyo. Nikampelekea fundi pipa dogo la mafuta, jipya, linang'aa.

"Bwana, hili ni pipa," akasema.

"Ni chuma, mzee. Mchwa hawali chuma."

"Kweli. Lakini si mchwa watakaoisikiliza."

"Wewe vika ngozi tu. Mengine niachie mimi."

Akavika. Siku ya posa nikamchukua awe mmoja wa wazee wangu. Baridi ya Molo ikailegeza ngozi, tukafanya kama kila mtu afanyavyo: tukaiweka ngoma karibu na moto ikaze. Fundi akataka kuitoa mapema, nikamwambia bado. Baba wa msichana akaibana katikati ya magoti, akapiga mara moja. Ikalia kama mawe juu ya bati, kuku wakatawanyika. Ya pili hakupiga. Mti ungekaa hapo motoni ukabaki wa kushikika. Chuma kilikuwa kimeiva, na mzee alikuwa amevaa kaptura.

"Nani alitengeneza kitu hiki?" akauliza, amesimama ameitanua miguu.

Nikageuka kuwatazama kuku.

"Ni mimi, mzee," fundi akasema. "Huyu alitaka mti. Mimi ndiye niliyemlazimisha chuma."

"Basi wewe fundi ni bure kabisa. Lakini huyu kijana anasikia wakubwa wake. Alete ya mti, kwa fundi mwingine."

Nikaoa. Ngoma ya muringa ikafika, nikasema imetoka Gilgil. Molo hakuna aliyempa fundi kazi tena, na hakunikumbusha hata siku moja.

Siku hizi tunaona kila king'aacho ni maendeleo, nami ndiye wa kwanza. Najisifu kwamba nilijijenga kwa mikono yangu miwili, kumbe mwenzangu alibomoa jina lake nikapata pa kusimama. Baba mkwe husoma gazeti hili, kwa miwani niliyomnunulia mimi. Mzee, ile ngoma unayoisifu kila Jumapili aliichonga yule fundi bure. Pipa lilikuwa wazo langu.

Wasomaji, anayekubebea kosa mtaje angali anasikia. Mimi, na ujanja wangu wote, nimechelewa.