Kijiko cha Pili cha Magadi

Watu wa Kettlesby si wachoyo, na mtu asiwasingizie. Ukila keki ya jirani ukaipenda, ukamwomba akuandikie inavyopikwa, atakuandikia papo hapo, kwa mwandiko mzuri wa shule. Ila kitu kimoja hakitakuwamo. Pengine chumvi, pengine yai la tatu, pengine dakika ishirini za moto. Anayeandika anajua, anayepokea anajua, na wote wawili watashukuriana sana mlangoni huku mvua inawanyeshea. Huo ndio ustaarabu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Anayeuita uongo hakuzaliwa kule.

Edna Throup alizaliwa kule. Alikuwa na miaka sitini na saba, amestaafu kuuza stempu posta, na tamaa yake duniani ilikuwa moja tu: kombe la mkate wa tangawizi kwenye maonyesho ya kijiji ya kila Septemba. Kombe lenyewe dogo, limebonyea ubavuni, hata chai halifai kunywea. Lakini miaka kumi na mmoja mfululizo Edna alikuwa wa pili, na watu walishaanza kumwambia "hongera" kwa sauti ile ya kumpa mtu pole. Roho ilimuuma, jamani, msione mchezo.

Wa kwanza siku zote alikuwa Glenys Hebden, nyumba ya tatu kutoka kwake. Na kilichomchoma Edna zaidi ni kwamba Glenys hakuwa mtu wa pale. Alitoka Wales, akaolewa Kettlesby na Ron, mgeni wa miaka arobaini na miwili tu.

"Mtu hajazijua hata njia za hapa, anatubebea kombe!" Edna alimlalamikia mumewe, Wilf.

"Njia zenyewe mbili," Wilf alijibu nyuma ya gazeti.

"We nyamaza, nani kakuuliza?"

Mwaka wa kumi na mbili vidole vya Glenys vikagoma. Baridi yabisi ilimshika hata akashindwa kukoroga shira nyeusi inayotiwa kwenye mkate huo, na shira ile ni nzito, inataka mkono wenye nguvu. Wiki tatu kabla ya maonyesho akabisha hodi kwa Edna, fimbo mkono mmoja, kikaratasi mkono wa pili.

"Shoga, mimi mwaka huu sishindani. Shika. Pika wangu."

"Wako? Mkate wako wewe?"

"Ndiyo. Kila kitu kimo humo. Ron keshakufa, mabinti zangu hata yai hawachemshi. Nataka niuone tena pale mezani, hata kama ni kwa mkono wako."

"Ah, Glenys! Hata sijui niseme nini."

"Usiseme. Pika. Ukishapoa uufunge kwenye karatasi, uuweke kwenye kopo siku saba, na usiuguse."

Mlango ulipofungwa, Edna alivaa miwani akaanza kukipekua kile kikaratasi. Unga, tangawizi ya unga vijiko vitatu, mdalasini, siagi, shira nyeusi, sukari ya kahawia, maziwa, yai moja, magadi kijiko kimoja cha chai. Akakisoma mara nne, akakigeuza nyuma, akakiinua dirishani.

"Kaficha nini huyu?"

"Labda hakuficha," alisema Wilf.

"Wilf! Kwani wewe umezaliwa wapi?"

Siku mbili Edna aliwaza mpaka akasahau kumpikia mumewe. Siku ya tatu akapata jibu, akapiga meza kofi. Magadi! Mkate wa Glenys huwa umeinuka vizuri, na kijiko kimoja kitainuaje shira yote ile? Akacheka peke yake jikoni. Akatia vijiko viwili, tena vya kujaa.

Mkate ukapanda ndani ya oveni kwa madaha, halafu katikati ukashuka kidogo. Edna akajiambia mikate yote ya tangawizi ina kibonde. Kuonja hakuweza, maana maonyesho hayapokei mkate uliokatwa. Akaufunga, akauweka kwenye kopo, na siku saba nzima akapita kijijini kichwa juu. Ujanja mwingi, mbele giza.

Siku ya maonyesho jaji aliletwa kutoka kijiji kingine, bibi mwenye kofia na kisu chake mwenyewe. Akaukata mkate wa Edna, akaunusa, akatia kipande mdomoni. Akaacha kutafuna. Kisha akatabasamu, na kule jaji akikutabasamia, umekwisha. Kwenye kadi aliandika: "Rangi yapendeza."

Kombe alipewa bwana mmoja mstaafu wa reli ambaye hakuwahi kuoka kitu tangu azaliwe. Alifuata maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga, neno kwa neno, maskini wa Mungu. Edna hakupata hata nafasi ya tatu.

Glenys alikuja pole pole na fimbo yake, akamega kipande.

"Edna, mbona unanuka sabuni? Umetia magadi mangapi?"

"Vijiko viwili."

"Mimi niliandika kimoja."

"Najua uliandika kimoja."

"Sasa?"

"Nilijua kuna kitu umekiacha, Glenys. Kila mtu huacha kitu."

"Kila mtu nani?"

"Sisi! Sote! Ndiyo desturi, si unajua?"

Glenys hakujua. Miaka arobaini na miwili, na hakuna aliyemwambia. Alivuta kiti akaketi, akailaza fimbo magotini taratibu, na Edna akatamani atukanwe.

"Ile keki ya limau," Glenys alisema mwishowe. "Uliyoniandikia mwaka nilioolewa."

"Keki gani?"

"Unaijua. Nilimpikia Ron kila Jumapili mpaka anakufa. Ilikuwa haishuki kooni bila kuichovya kwenye chai. Alikuwa akiimaliza yote, akisema tamu, nami nalia jikoni. Nilidhani ni mkono wangu mbaya." Alimtazama usoni. "Uliacha nini, Edna?"

Aibu ilimpanda Edna mpaka masikio yakawaka. Ukumbi ulikuwa umejaa majirani, na wote ghafla walikuwa wanaitazama mikate kwa makini sana.

"Nusu ya siagi," alisema. "Na mayai mawili."