Managu Yaliyotoka Madoa

Jirani yangu hapa Mbotela hupanda managu, ile mboga chungu ya majani, kwenye magunia mbele ya mlango, kwa mbegu alizopewa na mama yake huko magharibi. Mama huyo alikuwa anakuja Nairobi kumtembelea, na managu ya sokoni hayagusi. Anasema hayana uchungu wowote. Kwa hivyo majani yalipoanza kujikunja na kutoka madoa ya njano, niliitwa mbio. Mimi ndiye msomi wa ploti yetu ya wapangaji. Nilisomea magonjwa ya mimea chuo kikuu, na tangu hapo sijaponya hata mchicha.

Pilipili ya gunia la pembeni ilikuwa na madoa yale yale, tena ya zamani zaidi. Nikamweleza kwamba hicho ni kirusi, na kwamba kinabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Kirusi kikijinakili hukosea ovyo, na nakala nyingi zenye makosa hufa. Ila moja ikitua kwenye mmea mgeni na kosa lake likaufaa, inakaa, inazaana, inazidi kuzoea. Hapo nikakolea. Nikasema ni kama wanaohamia kwetu kutoka Kayole: mwezi haujaisha, wanatushinda kwa Sheng ya mtaa wetu. Sheng yangu mimi ilikufa zamani kwa kukosa mwenyeji.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mke wangu aliacha kulifanya miaka mingi iliyopita.

"Kwa hivyo kilikuwa kwa pilipili, kikajifunza managu."

"Ndiyo."

"Na mama akiyala, kitajifunza mama?"

Nikacheka. Nikamwambia kirusi cha mmea hakina mlango wa kuingilia kwa mtu. Ang'oe yaliyoharibika kabisa, apike yaliyobaki.

"Mwalimu, vile kinahama umenieleza mpaka chai ikapoa. Kwamba hakiwezi kuhama, neno moja tu."

Ndiyo maana Jumapili nilipakuliwa kabla ya mgeni: ugali na managu ya maziwa, nyumba nzima ikinitazama nikitafuna. Mama, mwenye njaa ya safari, aliuliza kwa nini jirani anatangulizwa.

"Majani yalikuwa na madoa, mama. Huyu ni daktari wa mboga, anaonja kwanza."

Mama alinikagua uso, kisha shingo.

"Na yeye akitoka madoa, atang'olewa?"

Hakungoja jibu. Akavuta sahani yangu, akamega, akala. Baadaye alisema managu ni yenyewe, chumvi tu ndiyo imepungua.