Kikohozi Katika Chumba cha Giza

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Mteja akilalamika gauni linabana, humjibu, "Tumbo limekua, usiisingizie sindano yangu." Mumewe alikuwa kinyume chake, mtu wa maneno machache. Kabla hawajaoana alikuwa dereva wa serikali. Ndivyo alivyosema, naye mkewe hakuwahi kumchimba.

Binti yao, muuguzi, alipokuja likizo alishikilia waende kulitazama gereza la zamani lililogeuzwa makumbusho. Baba akasingizia mgongo.

"Ni matembezi tu, baba, hatuendi kubeba zege."

Baba akavaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Aliyewatembeza alikuwa mzee mwembamba, jicho moja limeingia ukungu. Aliwaambia wageni mapema kwamba naye alifungwa humo, kwa mambo ya siasa. Akawapitisha kwenye ua, kisha kwenye ujia mwembamba ulionuka chokaa mbichi. Mama Cherehani alitafuta utani, akaukosa. Kwenye kona, gizani, mumewe aliinama ghafla. Mgeni aliyemfuata akagonga kichwa kwenye boriti.

"Ulijuaje?" Mama Cherehani akanong'ona.

"Niliona."

Lakini pale hapakuonekana hata kidole.

Mwisho wakaingia kwenye chumba kisicho na dirisha, na yule mzee akavuta mlango wa chuma.

"Humu hatukuona sura ya mtu," alisema ndani ya giza. "Askari tuliwajua kwa nyayo, kwa funguo, kwa pumzi."

Mtu akakohoa. Vikohozi viwili vikavu, kisha koo likakwaruza. Mama Cherehani alikuwa amelala pembeni ya kikohozi hicho maisha yake yote ya ndoa.

Yule mzee akanyamaza. Kimya kilipozidi, wageni wakaanza kusogeleana. Ndipo akaufungua mlango, akamtazama mtu mmoja tu.

"Mzee mwenzangu, hebu kohoa tena."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha. "Baba vumbi linamsumbua."

"Si vumbi, mwanangu. Tulikuwa tukikisikia kikohozi hicho, tunajibana ukutani, kila mtu akiomba kifunguliwe chumba cha mwenzake. Aliyetolewa hakurudi. Na mimi niliomba hivyo hivyo."

Mume wa Mama Cherehani akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Walimkuta nje ya lango, ameketi kwenye ukingo wa maua, kofia mkononi. Binti alisimama mbali naye, kama asiyemfahamu.

"Ulikuwa dereva?" Mama Cherehani aliuliza.

"Nilikuwa kijana. Niliamriwa."

"Sikukuuliza nani alikuamuru."

"Niliwatoa tu. Walikopelekwa sikufika."

"Lakini ulijua."

Mama Cherehani alimtazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kilichoungua kwa pasi, ambacho hakuna kiraka cha kukificha. Kisha akageuka, akarudi ndani peke yake.

Yule mzee alikuwa ameketi uani, mikono magotini. Pole ilimfika Mama Cherehani mdomoni, akaiona ndogo mno, akaimeza.

"Mimi ni mkewe," alisema. "Nataka kusikia yote."

"Ukishayasikia, mama, utarudi kulala naye nyumba moja?"

"Hilo sijui."

Mzee akamsogezea kigoda. Nje binti alimwita, akaita tena. Mama Cherehani akakaa.