Limau kwa Malaika wa Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa nilipiga magoti zaidi mbele ya meko ya Bibi Ormerod kuliko nilivyopiga kanisani. Kila alfajiri nilizoa majivu, nikasugua vyuma kwa dawa nyeusi mpaka vikang'aa, kisha nikaosha nguzo, malaika wanne na zabibu zilizochongwa juu ya vichwa vyao. Mikono yangu ilizeeka kabla yangu.

Bibi aliwaambia wageni kuwa marumaru ile ilitoka Italia, ikasafiri ndani ya majani makavu kama mayai. Nusu ya mji wa Halifax ilikuja kuitazama. Wenye viwanda vya sufu waliigeuzia migongo, wakaota moto makalio huku wakisifu.

Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilimwaga siki pale kwa bahati mbaya, nikafumba macho, maana katika nyumba niliyotoka niliona tone moja likitoa povu juu ya marumaru na kuacha doa la milele. Hapa hata povu moja halikutoka. Ile haikuwa marumaru; lilikuwa jiwe jeusi la kuezekea mapaa, limepakwa rangi. Nikafuta, nikanyamaza. Mtumishi hulishwa ili anyamaze.

Novemba ya mwaka wa kumi na tisa, Lettice, mke wa mwana wa bibi, aliweka birika la moto juu ya rafu ya meko. Rangi ikavimba, ikabanduka kiasi cha kiganja. Lettice akalia; bibi akanitazama mimi. Akasema nimeosha kwa siki, siki imeila marumaru, na Ijumaa niondoke bila barua ya sifa. Bila barua hiyo, mtumishi wa miaka arobaini na minne hafunguliwi mlango wowote ila wa nyumba ya mafukara.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupokea wageni. Nilipeleka chai, na kando ya sukari nikaweka nusu ya limau niliyoichukua jikoni. Bibi Pennock, mke wa mchungaji, alikuwa ameinamia lile doa.

"Maskini, jiwe zuri hivi," akasema. "Limepatwa na nini?"

"Na mimi, mama," nikajibu kabla bibi hajameza keki. "Nililiosha kwa siki. Na limau nasikia ni kali zaidi. Mkipenda, nimkamulie kidogo malaika wa kushoto, muone marumaru inavyotoa povu."

"Hebu tuone," akasema Bibi Pennock, akisogeza kiti.

Bibi Ormerod akawa mweupe kuliko meko yake. "Tranter, acha utani."

"Sitanii, bibi. Wageni wasipoona kosa langu, watajuaje kuwa umenifukuza kwa haki?"

Nikainua limau. Bibi akacheka kicheko kikavu. Akasema sasa amekumbuka, lilikuwa birika, wala si siki, na barua yangu alikuwa karibu kuiandika. Akaiandika palepale.

"Mimi sijui kusoma," nikasema. "Labda Bibi Pennock anisomee."

Akasoma kwa sauti: mwaminifu, msafi, hodari wa kutunza marumaru. Hapo nilikohoa. Nikaomba liongezwe neno moja tu, msiri. Bibi akaliongeza, kalamu ikikwaruza karatasi.

Ijumaa niliondoka kwa hiari yangu, kwa mlango wa mbele. Limau nililiacha kwenye kiganja cha malaika wa kushoto. Kwa kuwa mtumishi hayupo tena, atakayelitoa ni Lettice, naye ataona halijaacha doa.